GIS ni nini? Maelezo kwa anayeanza, kwa mifano ya Lamu

Wengi wakisikia GIS hufikiria ramani ndani ya kompyuta. Ramani imo, lakini ni sehemu tu. Mfumo wa taarifa za kijiografia huhifadhi vitu pamoja na mahali vilipo, ili uweze kuuliza swali linalohusu mahali ukajibiwa.

Chukua visima vya Shela, kijiji kilicho jirani na mji wa Lamu. Maji matamu ya mji wa Lamu hutegemea vilima vya mchanga vya huko: mvua ikinyesha, mchanga huyanywa maji na kuyahifadhi chini. Majengo nayo yanazidi kusogea, na kila jengo lina choo. Tuseme mtu wa maji anataka kujua ni mashimo gani ya vyoo yaliyo ndani ya mita 50 kutoka kisima chochote. Kwa ramani ya karatasi atashika rula na kukisia. Kwenye GIS, visima ni tabaka moja, vyoo tabaka la pili, mipaka ya viwanja tabaka la tatu, yote yamelaliana mahali pamoja. Nyuma ya kila nukta ya kisima kuna mstari wake kwenye jedwali: kina chake, mwaka kilipochimbwa, kiwango cha chumvi. Programu huchora duara la mita 50 kuzunguka kila kisima (duara hilo huitwa bafa), hutoa vyoo vilivyoangukia ndani, kisha huonyesha vimo katika viwanja gani. Jibu linaweza kuwa orodha tupu isiyo na ramani hata moja, na bado hiyo ni GIS. Kwa maoni yangu jedwali ndiyo nusu iliyo muhimu zaidi, ingawa wanaoanza hukimbilia rangi.

Data zenyewe ni za aina mbili. Vekta ni nukta, mistari na poligoni: kisima, kichochoro, kiwanja. Rasta ni picha iliyogawanywa vijiraba vidogo, kama picha za setilaiti. Setilaiti za Sentinel-2, ambazo picha zake hutolewa bure, kijiraba chake kidogo kabisa ni mita 10 kwa 10. Kwa kufuatilia misitu ya mikoko ya Lamu hiyo yatosha sana. Kwa vichochoro vya Mkomani, mtaa wa mji mkongwe wa Lamu, haifai kitu, maana punda wawili wakikutana humo hupishana kwa shida. Kichochoro kizima hupotea ndani ya kijiraba kimoja.

Panapowasumbua watu hasa ni majiranukta, yaani namba zinazotaja mahali kitu kilipo. Mji wa Lamu uko karibu latitudo -2.27 na longitudo 40.90. Sahau ile alama ya kutoa, na Lamu itahamia bara kaskazini, kusini mwa El Wak, karibu na mpaka wa Somalia. Geuza namba hizo mbili, longitudo ikae pa latitudo, na Lamu itaibukia Uhispania, kaskazini mashariki ya Madrid. Programu haitakulalamikia, kwani hapo pia ni mahali.

Kuna kosa jingine lisiloonekana upesi. Ramani nyingi za zamani za Kenya zilitumia datumu (msingi wa kupimia mahali juu ya dunia) ya Arc 1960, ilhali simu yako hutumia WGS 84. Namba zilezile zikisomwa kwa datumu nyingine husogea takriban mita 300. Katika mji uliobanana kama Lamu, huo ni mtaa mwingine kabisa, na kiwanja cha mtu kinaweza kuonekana kiko kwa jirani asiyemjua.

Halafu kuna vipimo. Tabaka likiwa katika nyuzi, yaani kipimo cha latitudo na longitudo, nawe ukaandika bafa ya 50 ukidhani ni mita, utapata duara la nyuzi 50, yaani zaidi ya kilomita 5,000 kila upande, likimeza karibu Afrika nzima. Ndiyo maana kazi ya kupima umbali hufanywa katika mfumo wa mita. Kwa Lamu na Malindi ni UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda na kupima kwa mita; kanda yao ni ya 37 kusini.

Ukitaka kujaribu, QGIS ni programu ya bure na hufanya haya yote. Kabla hujachora chochote, tazama kona ya chini kulia, palipoandikwa EPSG, namba ya utambulisho wa mfumo wa majiranukta: EPSG:4326 ni nyuzi za WGS 84, EPSG:32737 ni mita za kanda ya 37 kusini kwa datumu hiyohiyo, na EPSG:21037 ni kanda hiyo kwa Arc 1960.