Kujenga Twin Otter ya rimoti: kazi kubwa ni kufanya mota mbili zivute sawa

Aliyewahi kuruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Maasai Mara huenda ameshapanda Twin Otter, ile ndege ya Kanada yenye bawa juu na magurudumu yasiyokunjwa. Bawa lake lina upana uleule kutoka mwilini hadi nchani, na hiyo ni nafuu kubwa kwa anayejenga mwenyewe. Urefu halisi wa bawa, ncha hadi ncha, ni mita 19.8. Ukigawa kwa 14 unapata sentimita 141, na upana wa bawa kama sentimita 14. Nakata fomubodi, napitisha bomba la kaboni ndani ya bawa, naweka uzito ulingane sentimita 4 nyuma ya ukingo wa mbele. Sehemu hiyo haina fumbo.

Fumbo liko kwenye mota. Moja ikizimika, ile inayofanya kazi inasukuma upande wake mbele, pua inageukia upande uliozimika, na bawa la upande huo linapoteza kasi na kuinama. Mrushaji mgeni huongeza nguvu na kuvuta pua juu, na ndege inapinduka. Kinachotakiwa ni kinyume chake: punguza mota iliyobaki mara moja, shusha pua upate kasi, tua mbele yako.

Kwa sababu hiyo mota nazisogeza karibu na mwili kadiri propela za inchi 9 zinavyoruhusu, na usukani wa mkia naukata mkubwa kuliko kipimo kinavyodai. Wapenda kufanana na ndege halisi watanung'unika, lakini kasi ikipungua ni mkia huo unaoshikilia pua.

Natumia mota mbili za Kv 1000 (mizunguko 1000 kwa dakika kwa kila volti), kila moja na kidhibiti kasi chake cha ampea 30, na betri ya lithiamu ya seli 3, mAh 2200. Mota zikivuta ampea 15 kila moja, betri inadaiwa 30. Yenye alama ya 25C, yaani mara 25 ya uwezo wake wa ampea-saa 2.2, inaweza kutoa 55, kwa hiyo haitaabiki. Waya za kurefushwa ili kufikia mota za bawani ni zile tatu zinazotoka kwenye kidhibiti kwenda kwenye mota. Usirefushe za betri: kidhibiti hukata na kurudisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na waya ndefu za betri huzaa miruko ya volti inayoua kapasita zake. Kidhibiti kikikaa ndani ya mwili, kitobolee njia ya hewa.

Vidhibiti vyote viwili hutoa volti 5 kwa risiva, kile kinachopokea amri za rimoti. Mimi huchomoa waya mwekundu wa kimoja visigombane. Kisha navifundisha vyote viwili mwanzo na mwisho wa mkono wa kasi wa rimoti, propela zikiwa zimetolewa. Usipofanya hivyo, mota moja itaamka kabla ya mwenzake.

Propela nazizungusha kinyume, juu zikielekea mwilini, ili misokoto yake ifutane. Twin Otter yenyewe huzungusha zote upande mmoja. Kubadili upande wa mota, badilishana waya wowote wawili kati ya zile tatu. Propela nazo ziwe za jozi, ya kulia na ya kushoto.

Mwisho ni ukataji wa umeme betri inapochoka. Kila kidhibiti hupima volti kivyake, hivyo kimoja kinaweza kuzima mota mwenzake akiendelea. Weka vyote vipunguze nguvu polepole, na tua kila seli ikiwa bado na volti 3.7.