Vuli Mwanza na mtoto mdogo: nauli ya daladala inatosha

Shule zikikaribia kufungwa Desemba, sikosi mzazi mmoja au wawili wa kunisubiri getini. "Mwalimu, likizo hii tuwapeleke wapi hawa?" Ukimtazama usoni unaona ameshapiga hesabu: kiingilio, soda, chipsi, boda ya kurudia, na yule wa tatu ambaye hakubali kuachwa nyumbani. Nafundisha chekechea hapa Mwanza kwa miaka mingi sasa, na jibu langu linazidi kuwa fupi. Zamani nilitaja sehemu tano. Siku hizi nataja kitu kimoja, na mara nyingi kitu chenyewe ni mjusi.

Sitanii. Kwenye mawe yetu kuna mjusi ambaye dume ana kichwa na mabega mekundu, halafu mwili wa nyuma wa bluu. Jike ana rangi ya udongo, humwoni mpaka akimbie. Jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, limetokana na mji huu huu. Jua likishapasha jiwe moto, kwenye saa tatu asubuhi, dume hupanda juu kabisa na kuanza kupiga pushapu, anawaonyesha wenzake kwamba hapo ni kwake.

Mwaka mmoja nilipeleka watoto kumi na wawili kwenye mawe ya nyuma ya shule. Nilipanga dakika kumi, tukakaa karibu saa nzima. Mmoja wao, ambaye muhula mzima hakuwa amefungua mdomo darasani, alilala kifudifudi mbele ya mjusi naye akaanza pushapu zake. "Ananisalimia," akasema. Nikamwambia, basi mwitikie.

Hapo ndipo wazazi wengi tunapokosea. Mtoto wa miaka mitatu mpaka mitano hatazami mandhari. Msimamishe Capri Point umwambie "tazama ziwa," naye atatazama sisimizi waliopita karibu na kiatu chako. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800. Kwake ni kama mbingu, lipo tu. Anachotaka ni kitu kidogo, kinachotembea, akikaribie, na mtu mzima asiyemwambia "haya twende." Kiingilio hakinunui hicho cha mwisho.

Kwenye mawe nina sheria mbili tu: jiwe likiwa na maji hatupandi, na mkono hauingii kwenye mwanya ambao hatuoni ndani yake. Miaka yote hiyo zimenitosha.

Kama mnatoka mbali, shukeni mjini mwende Jiwe la Bismarck, jirani na kivuko cha Kamanga. Habari za kansela wa Ujerumani ambaye jiwe hilo lilipewa jina lake hazimhusu mtoto. Swali lake ni moja: mbona halidondoki? Mweleze kwa kifupi kwamba mawe haya ni itale. Mvua na jua vimekula sehemu laini na kusomba udongo kwa muda mrefu mno, yale magumu yakabaki yamepandana. Mkirudi nyumbani mpe kokoto apange zake juu kwa juu. Atashinda hapo mpaka uji upoe. Na mkiwa pale kivukoni, kaeni mtazame pantoni ikipakia na kushusha magari. Tangu Daraja la JPM la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, foleni ya pantoni ya Busisi watoto hawa wataisikia kama hadithi ya babu.

Sasa suala la maji, na hapa siwi mpole. Mtoto mdogo asichezee maji ya ufukweni, hata ya kifundo cha mguu, hata kama watoto wa jirani wamo humo kila siku. Kichocho kipo. Konokono wadogo wanaokaa kwenye majani na maji yaliyotulia hutoa vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo hupenya ngozi nzima, bila kuhitaji kidonda. Siku hiyo mtoto haumwi. Madhara huja baadaye, tumboni na kwenye ini, na dawa zinazogawiwa shuleni kwa kawaida hulenga wanafunzi wa shule ya msingi, kwa hiyo wa kwangu wa chekechea hukosa. Wengine huchota ndoo ziwani wakamwogeshea mtoto nyumbani, wakidhani wamekwepa. Hawajakwepa: vijidudu hivyo huweza kuishi hadi siku mbili ndani ya ndoo.

Ziwa tulitazame kutoka nchi kavu. Tafuteni mdiria, yule ndege mweusi kwa mweupe. Husimama hewani akipiga mabawa palepale, halafu hujitupa majini kichwa mbele. Kila akijitupa watoto huguna wote kwa pamoja, na wanabishana kama amepata au amekosa.

Hamu ya kuchezea maji imalizwe na mvua yenyewe. Tega beseni na sufuria chini ya bati, umwache asikilize: sufuria inalia hivi, beseni hivi, jaba la plastiki vingine kabisa. Mvua ikikatika, achote, amimine, aoshe vikombe vyake. Radi ya kwanza ikisikika, kila mtu ndani, bila mjadala.

Kisiwa cha Saanane watu huniuliza sana. Ni pazuri: swala pala, pimbi, tumbili, na safari fupi ya boti kutoka Capri Point. Pamekuwa hifadhi ya taifa tangu 2013, na mtoto wa chini ya miaka mitano halipi kiingilio. Wewe beba kitambulisho chako cha taifa ulipe bei ya mwananchi. Lakini boti inalipiwa, na mtoto wa miaka mitatu atakachokumbuka ni jaketi la kuokolea lililomkwaruza shingo. Mimi husubiri afike mitano au sita.

Bujora ni tofauti. Makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa, yaliyoanzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada, yapo barabara ya Musoma, kilomita kama ishirini kutoka mjini. Daladala zinafika Kisesa. Mtoto mdogo usimzungushe kila chumba. Mpeleke kwenye ngoma kubwa za watemi, muulize mwenyeji kama anaweza kuwapigia moja, halafu mwekee mtoto mkono tumboni mwake mwenyewe asikie mlio unavyoingia. Kama bibi yake ni Msukuma, mchukueni. Bibi atasimulia yasiyoandikwa kwenye kibao chochote, na matobolwa ya njiani, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, atakuwa ameshafungasha yeye.

Na muwahi. Niliwahi kupeleka darasa zima kwenye sehemu moja ya michezo, tumelipa mapema, tukafika saa tano. Saa sita mvua ikashuka. Tulikaa saa mbili chini ya turubai na watoto waliolowa, na pesa hairudishwi. Tangu siku hiyo natoka saa mbili asubuhi, saa tano nimesharudi.

Kama huna hata nauli, subiri usiku wa kumbikumbi. Mvua za kwanza zikinyesha, washa taa ya barazani na uweke karai la maji chini yake. Mwache mtoto ashike mmoja, ahesabu mabawa: manne. Kisha amweke sakafuni. Kumbikumbi atayaangusha mwenyewe na kuanza kutembea. Baada ya muda utaona wawili wamefuatana, jike mbele, dume nyuma, wanatafuta pa kuchimba. Mwanangu aliwafuata kwa magoti mpaka kwenye kona ya ukuta, akarudi kuniuliza mabawa aliyookota nani atawarudishia.