Kueleza Uwezo Wako kwa Ukweli Unapotafuta Kazi

Takwimu zilizotolewa na Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) mwaka wa 2025 zinaonyesha kwamba takriban nafasi 782,300 za kazi zilibuniwa nchini Kenya mwaka wa 2024, na kwamba karibu tisa katika kila kumi kati ya hizo zilikuwa za jua kali, yaani za sekta isiyo rasmi. Kijana wa Nairobi anayetafuta kazi ya mshahara wa kila mwezi, basi, anagombea sehemu ndogo sana iliyosalia, pamoja na wengi waliosomea kozi ile ile na kupata alama zinazokaribiana na zake.

Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na malezi hayo yana heshima yake. Hata hivyo, afisa wa uajiri mwenye mamia ya maombi mezani hawezi kuujua wema ambao mwombaji hakuuandika. Sisi tunaoshauri watafuta kazi hukutana na majivuno mara chache. Tunachokiona zaidi ni mtu kuficha kazi yake bora kwa kudhani kwamba haihesabiki.

Chukua mfano wa mhitimu wa uhasibu ambaye, tangu amalize chuo, amekuwa akimsaidia mamake kuuza mitumba katika soko la Gikomba, Nairobi. Katika wasifukazi anaandika kwamba ana bidii, ni mwaminifu na hujifunza upesi, kisha sehemu ya tajriba anaiacha tupu. Sifa hizo zimo katika wasifukazi wa karibu kila mwombaji, kwa hivyo hazimwambii mwajiri lolote. Ukimuuliza kwa utulivu, utagundua kwamba ndiye anayepanga bei robota linapofunguliwa, ndiye anayelinganisha malipo ya M-Pesa na nguo zilizouzwa kila jioni, na ndiye aliyeanzisha daftari la madeni linalomwonyesha mamake nani anafaa kukopeshwa tena. Huo ni uhasibu, tena wa pesa halisi. Aandike hivi: “Ninasimamia hesabu za biashara ya nguo Gikomba, ninalinganisha mapato na mauzo kila siku na kufuatilia madeni ya wateja.” Akiweza kuongeza idadi ya wateja hao, aiongeze, mradi awe tayari kuithibitisha.

Ndivyo ilivyo pia kwa mweka hazina wa chama cha kuweka akiba na kwa aliyesimamia vibarua kwenye mjengo.

Kabla ya kuandika, soma tangazo la kazi polepole, uchague mambo matatu ambayo mwajiri anayahitaji zaidi, kisha kando ya kila jambo uandike tendo ulilolifanya linalolithibitisha. Jambo lisilo na tendo liache. Matendo hayo hayo ndiyo utakayoyatumia katika mahojiano ukiambiwa ujieleze, badala ya kuanza kusimulia ulikosomea shule ya msingi.

Kujieleza huku kuna mpaka, nao ni ukweli. Mnamo Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba uchunguzi wa vyeti vya wafanyakazi wa umma ulifichua zaidi ya vyeti 2,000 ghushi, na mwenye cheti kama hicho huweza kupoteza kazi na hata kushtakiwa miaka mingi baada ya kuajiriwa.

Fundi aliyejifunzia kazi gereji au kwenye karakana, asiye na cheti chochote, ana njia halali: Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA), yenye makao yake Industrial Area, hutoa mitihani ya ufundi ya viwango vitatu inayopima kile ambacho mikono yake inaweza kufanya.

Mwisho ni wadhamini, yaani watu ambao mwajiri anaweza kuwauliza kukuhusu. Chagua watu walioona kazi yako kwa macho yao, hata kama ni mwenyekiti wa chama au msimamizi wa mjengo, kuliko mtu mwenye cheo anayekujua kwa jina tu. Waombe idhini kabla ya kuandika nambari zao, na uwaeleze ni kazi gani unayoomba, ili wakipigiwa simu wazungumzie tendo lile lile ulilolitaja.