"Fundi, niwekee zile nyeupe kabisa"

Wiki haiishi kabla sijaisikia. Mtu anaegesha, anafungua boneti mwenyewe na kuniambia, "Fundi, hizi taa hazionyeshi kitu. Niwekee zile nyeupe." Balbu za LED amekwisha kuzinunua Kirinyaga Road, ziko kwenye kasha lenye picha ya gari la mashindano, na anachotaka kwangu ni mkono wa kuzitia tu. Nikimwambia azirudishe dukani, ananitazama kana kwamba nimekataa kazi kwa sababu hakuzinunua kupitia kwangu. Basi leo nayaandika yote, ili atakayekuja na kasha nimpe simu asome kwanza.

"Balbu ikiwa kali zaidi, nitaona mbali zaidi"

Hii ndiyo inayonimaliza. Balbu haipeleki mwanga popote. Kazi yake ni kuwaka. Anayeupeleka mwanga barabarani ni reflekta iliyo nyuma yake, au lenzi kama taa zako ni za projekta. Na reflekta ya balbu ya halojeni, ile ya kawaida yenye uzi ndani, imepindwa kwa hesabu ya uzi mmoja mdogo wa milimita chache, uliokaa mahali pamoja tu.

Chukua balbu ya H4, ambayo utaikuta kwenye magari mengi ya Kijapani yaliyokaa kaa barabarani. Ndani yake mna nyuzi mbili: ya fuli, wati 60, na ya dimu, wati 55. Uzi wa dimu umekingiwa kwa chini na kikombe kidogo cha bati. Itoe siku moja uitazame mchana, utakiona. Kikombe hicho kinazuia mwanga usigonge nusu ya chini ya reflekta, kwa maana nusu hiyo ndiyo huurusha juu, machoni mwa anayekuja. Adabu yote ya taa yako iko kwenye kile kibati.

Sasa njoo na LED yako. Vile vijichipu vimebandikwa pande mbili za ubao bapa, ni vipana kuliko uzi, na mara nyingi havikai pale uzi ulipokuwa. Reflekta inapokea mwanga kutoka mahali isipopajua, na inautupa inavyojua: mwingine chini ya bumpa, mwingine kwenye matawi ya miti, mwingine kifuani mwa dereva wa matatu. Weka gari hilo mbele ya ukuta. Ule mstari uliotakiwa kutenganisha mwanga na giza haupo tena. Ni weupe uliomwagika kila upande.

Mteja atabisha kwamba sasa anaona vizuri. Ni kweli, anaona vizuri mita kumi za kwanza. Lami iliyo mbele ya bumpa inang'aa, mboni zake zinajibana kwa ule ukali, na kule mbele, alipo mtu anayetaka kuvuka, anaona kidogo kuliko alivyoona jana na balbu yake ya manjano. Anachokipenda ni weupe, wala hajui kwamba ameuza umbali ili aupate.

Na hilo la weupe lina uongo wake peke yake. Namba iliyoandikwa kwenye kasha, 4300K, 6000K, 8000K, si nguvu. Ni rangi. Halojeni iko kwenye kelvini 3200 hivi, ndiyo maana ina umanjano. HID, zile taa za gesi ya xenon, zilizotoka kiwandani nyingi ziko 4300. Ukipanda hadi 8000 unapata ubuluu, na kwa HID mwanga wenyewe hupungua, ilhali macho ya mwenzako yanaumia zaidi. Nimeona watu wakilipa zaidi kwa 8000 kwa sababu namba ni kubwa. Muuzaji naye hasemi kitu. Kwa nini aseme?

Hesabu nyingine: balbu ya H7, halojeni pia, hutoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 1500 hivi, HID hutoa 3200 hivi. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazofuatwa na watengenezaji wengi zinataka gari ambalo chanzo cha dimu yake kinapita lumeni 2000 liwe na mtambo wa kusawazisha taa lenyewe na wa kuziosha. Waliotia HID kiwandani waliliweka hilo maanani. Aliyeitia kwenye Vitz yako kando ya barabara alikuwa na bisibisi na koleo.

Mvua ikinyesha mambo yanazidi. Lami iliyolowa inageuka kioo: mwanga wako haukurudii wewe, unateleza mbele na kupanda machoni mwa anayekuja. Unaongeza ukali kwa sababu huoni, na unavyouongeza ndivyo yeye anavyozidi kupofuka.

Taa ikiwa hafifu kweli, usianzie dukani. Anzia kwenye waya. Mwambie fundi apime volti pale pale kwenye soketi ya balbu, injini ikinguruma na taa zikiwaka, kisha alinganishe na za betri. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga wa halojeni unapungua kwa asilimia 30 hivi. Mara nyingi tatizo ni waya wa ardhi uliofungwa kwenye bodi na kuingia kutu, au rilei iliyochoka, au soketi iliyoungua kwa sababu mwenye gari wa kwanza alitia balbu za wati 100. Safisha waya huo, tia balbu mpya za halojeni za kampuni inayojulikana, zote mbili kwa pamoja, na utashangaa gari lilikuwa na taa siku zote.

"Mimi sina neno, naendesha na dimu"

Dimu iliyopanda ni fuli tu. Hapa Nairobi tunapenda kuinua magari kwa ajili ya matuta na mashimo, tunatia spesa kwenye springi, mbele na nyuma, halafu hakuna anayekumbuka kushusha taa. Gari likitiwa spesa, au likitolewa taa baada ya kugongwa, lazima taa zipimwe upya. Tazama Probox iliyojaa mboga ikielekea Marikiti alfajiri: mkia umelala, pua imeinuka, na dimu yake inamulika ghorofa ya pili.

Kuna kigurudumu karibu na usukani, kimeandikwa 0, 1, 2, 3, wakati mwingine hadi 5. Wateja wengi wanakizungusha hadi mwisho wakidhani wameongeza taa. Ni kinyume. Sifuri ndiyo juu kabisa, na kila namba inashusha. Kiko pale kwa ajili ya siku umebeba watu nyuma na buti limejaa magunia.

Kupima mwenyewe si kazi ngumu, na ningependa kila mwenye gari ajue. Tafuta uwanja ulio sawa wenye ukuta, kituo cha mafuta kilichofungwa kinatosha. Hakikisha magurudumu yana upepo sawasawa. Sogeza gari karibu na ukuta, pima urefu kutoka chini hadi katikati ya balbu, weka alama ya utepe kwa urefu huo huo. Rudi nyuma mita 5, mtu akae kwenye kiti cha dereva, washa dimu. Ukingo wa mwanga uwe sentimita 5 hivi chini ya utepe. Ukiwa juu ya utepe, unaumiza watu. Nyuma ya taa kuna skrubu za kurekebishia, nyingi zinakubali bisibisi ya nyota, zizungushe polepole robo robo.

Utaona pia ukingo huo umepanda kidogo upande wa kushoto. Umeundwa hivyo: sisi tunaendesha kushoto, na mwanga huo ni wa kukuonyesha watu na vibao vya pembeni. Ukinunua taa ya mtumba iliyotoka kwenye gari la Ujerumani au Ufaransa, wanakoendesha kulia, itapanda upande wa kulia, yaani sawasawa kwenye uso wa anayekuja. Hiyo hairekebishwi kwa skrubu. Irudishe.

Na tafadhali, usiniambie kwamba gari lilipita ukaguzi Likoni Road. Tunawajua wanaorudisha balbu za zamani asubuhi ya ukaguzi, na jioni wako tena gerejini.

"Akinipiga fuli, nami nampiga, ajue inavyouma"

Huyu anajua kabisa anachofanya, ndiyo maana ananikera kwa namna nyingine. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Sekunde mbili za kutoona ni mita 44. Ukimjibu, sasa ni madereva wawili wasioona wanaokaribiana, kila mmoja akiwa na mita zake 44. Na kati yenu, Magadi Road saa tatu usiku, kuna mtu anavuka kwa miguu kwenda kwake. Mtu aliyesimama kati ya taa mbili kali haonekani kabisa na upande wowote. Nchini mwetu watembea kwa miguu ndio wanaokufa wengi barabarani kuliko kundi jingine lolote, na wengi hawakuwa kwenye ule ugomvi wa taa.

Ukipigwa fuli, punguza mguu kwenye mafuta, na uhamishe macho kwenye mstari wa pembeni kushoto hadi apite. Mpige taa mara moja, kwa kifupi, labda amesahau. Mara ya pili haina faida, kwa sababu kupiga taa kwetu kuna maana nyingi mno: "pita", "usiingie, nakuja", "kuna askari mbele", "gurudumu lako limeisha upepo". Atajuaje wewe unasema lipi? Pengine anadhani unamsalimu.

Akiwa nyuma yako, kile kioo cha katikati kina kilimi chini yake. Kivute. Nimepanda magari ya watu wenye leseni ya miaka mingi na hawakijui kilimi hicho.

"Barabara zimetengana, fuli haimgusi mtu"

Inamgusa aliye mbele yako, kwenye vioo vyake vitatu. Na Southern Bypass kwenye kona, mwanga unavuka katikati ya barabara na kumpata wa upande wa pili kama kawaida. Fuli ni ya pale ambapo huna mtu mbele wala anayekuja.

"Ukungu ukiwa mzito, fuli inaupasua"

Fuli kwenye ukungu wa Limuru au Kinungi inagonga matone na kukurudia usoni kama ukuta mweupe. Dimu, taa za chini za ukungu kama unazo, na mwendo wa pole. Ile nyekundu kali ya nyuma uizime ukungu ukiisha. Mvua ya kawaida ya Nairobi haiihitaji.

"Dashibodi inawaka, basi taa zinawaka"

Kwenye magari mapya mapya dashibodi inawaka muda wote, na zile taa ndogo za mchana zinawaka mbele. Nyuma ni giza totoro. Jioni shuka uangalie, au weka swichi kwenye otomatiki na uiache hapo.

"Dawa ya meno inasafisha taa zilizopata umanjano"

Inasafisha, kwa miezi michache. Plastiki ya taa ina koti linaloikinga na jua, na Nairobi iko karibu na ikweta, mwinuko wa mita 1700 hivi, jua letu halina mchezo. Dawa ya meno inasugua na kuliondoa hata koti lililobaki. Ukisugua, upake koti jingine la kukinga jua, la sivyo umanjano utarudi haraka kuliko ulivyokuja.

"Miwani ya manjano inapunguza ukali wa taa usiku"

Inapunguza mwanga wote, ukiwemo ule unaouhitaji kumwona mtu. Watafiti wa Marekani waliipima na kuchapisha matokeo mwaka 2019: haikuwasaidia madereva kuwaona watembea kwa miguu usiku. Muuzaji wa kwenye foleni hatakwambia hilo. Kama taa za mbele zinakusambaa machoni, kapime macho, na kabla ya hapo safisha kioo cha mbele kwa ndani. Watu wanaosha nje kila Jumapili, ndani hakuguswi tangu gari linunuliwe. Pale pana utando wa mafuta unaotoka kwenye plastiki za dashibodi, mchana huuoni. Tumia dawa ya vioo na kitambaa safi, kisha umalizie kwa kitambaa cha pili kikavu, maana kile cha kwanza kinauhamisha tu.