Chembechembe si uchafu

Mteja mmoja aliwahi kunirudishia kazi na ujumbe wa neno moja: "Safisha." Filamu ilikuwa ya ukanda wa milimita 16, niliyoiskani kutoka kwenye negativu yenyewe, na alichokiona kikichemka ukutani nyuma ya waigizaji alidhani ni vumbi. Vumbi nilikuwa nimeshaliondoa. Zile zilikuwa chembechembe.

Ukanda wa filamu hauna pikseli. Una fuwele za chumvi za fedha zilizotawanyika ovyo kwenye jelatini. Ukanda ukisafishwa kwa dawa ili picha itokee, zile zilizopigwa na mwanga hugeuka fedha nyeusi. (Kwenye filamu za rangi, fedha hiyo huondolewa na kubaki vijiwingu vya rangi.) Kwa hiyo shavu, kope na uzi wa koti, vyote vimejengwa kwa chembe hizohizo. Tena kila fremu ina mpangilio wake, na zinapopita 24 kwa sekunde, jicho huzijumlisha likaona undani ambao fremu moja haina.

Programu ya kupunguza chembe haijui hayo. Hulinganisha fremu jirani na kufuta kinachobadilikabadilika. Niliikaza kama alivyotaka: ukuta ukatulia, koti la sufu likawa plastiki, uso wa mzee ukawa nta. Nikanoa kingo kurudisha ukali, ukazuka mstari mweupe kuzunguka mabega.

Sisemi kila chembe ni ya kulindwa. Nakala ya nakala huongeza chembe zisizotoka kwenye kamera. Ndiyo maana katika filamu nyingi za zamani picha huchafuka ghafla pale tukio moja linapoyeyukia jingine, kwa sababu kipande hicho kilinakiliwa upya maabara.

Halafu kuna kubana video. Kubana ni kubashiri kwamba fremu ijayo itafanana na hii, na chembe hazibashiriki, hivyo hula data. Diski ya kawaida ya Blu-ray inaruhusu hadi megabiti 40 za video kwa sekunde. Video za mtandaoni hupewa sehemu ndogo tu ya hizo, chembe zikageuka vigae. AV1, mojawapo ya mbinu za kubana video, ina ujanja wake: huziondoa, hupima sura yake, kisha kifaa cha mtazamaji huzitengeneza upya. Ni bandia, ila kwangu ni heri kuliko nta.

Mteja nilimpelekea matoleo yote mawili, lenye chembe na la nta. Akachagua la nta. Nikamkabidhi, na skani ya awali nikaiacha ndani ya diski ileile, kwenye folda ya pembeni.