POST: ukaguzi ambao kompyuta hujifanyia kabla ya Windows

Kati ya kubonyeza kitufe cha kuwashia na kuona nembo ya kampuni kwenye skrini kuna sekunde chache za giza. Katika sekunde hizo kompyuta inajikagua: prosesa inaitika? RAM, yaani kumbukumbu ya muda, inasomeka? Kuna kifaa cha kutoa picha? Ukaguzi huo ndio POST, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya jaribio ambalo mashine hujifanyia yenyewe umeme unapoingia. Unaendeshwa na BIOS, programu ndogo inayokaa kwenye chipu ya mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta. Mashine za miaka ya karibuni zina UEFI, mrithi wake, lakini mafundi wengi bado wanasema BIOS. Windows haijafikiwa bado. Hata ukichomoa diski yote, POST itafanyika, na vifaa vingine vikiwa vizima itapita.

Hilo la mwisho lishikwe vizuri, maana ndipo hela nyingi zinapopotea. Mtu ana kompyuta ambayo feni zinazunguka, taa inawaka, lakini skrini ni nyeusi tangu mwanzo, hata nembo haitokei. Mafundi wanasema "haileti displei". Mwenye mashine anaambiwa ipigwe Windows upya. Itasaidia nini, ikiwa mashine haijafika hata mahali pa kuitafuta Windows? Mwingine anaona maandishi "No bootable device" au "Operating system not found", anaambiwa mazabodi imekufa. Mazabodi iliyokufa haiandiki kitu kwenye skrini. Maandishi hayo yanasema POST imepita, na kinachotafutwa sasa ni diski au mfumo endeshi uliomo ndani yake.

Kwa hiyo kabla ya kununua kifaa chochote, jua kwanza umesimama upande gani wa POST. Nembo ikitokea, imepita au imekaribia kupita. Skrini ikiwa nyeusi, bonyeza Caps Lock kwenye kibodi: taa yake ikiwaka na kuzima kila ukibonyeza, mashine iko hai, na tatizo lielekee kwenye njia ya picha, yaani kebo, skrini yenyewe au kadi ya picha. Taa isipoitika kabisa, mashine imekwama ndani ya ukaguzi.

Ndani yake mambo huenda kwa mpangilio, na mpangilio huo ndio unaoeleza dalili. Ukibonyeza kitufe, mazabodi inaigusisha kwa ndani pini ya waya wa kijani na ya waya mweusi kwenye soketi ya pini 24. Hiyo ni ishara ya kuiamsha pawa saplai, kifaa kinachoigawia mashine umeme. Pawa saplai inapandisha volti zake tatu kuu, 12, 5 na 3.3, na zikitulia inajibu kupitia waya wa kijivu kwamba umeme uko sawa. Jibu huja ndani ya milisekunde 100 hadi 500, na kabla halijaja prosesa inashikiliwa isianze kazi. Likija, prosesa inasoma amri yake ya kwanza kutoka kwenye chipu ya BIOS, BIOS inahakikisha yenyewe haijaharibika, inaiandaa RAM, inaiamsha kadi ya picha, inapitia kibodi na diski, halafu inaukabidhi kazi mfumo endeshi, kama Windows.

Hapo kuna mambo mawili ya kuzingatia. Feni inahitaji volti 12 tu, kwa hiyo kuzunguka kwake hakuthibitishi kwamba prosesa imeanza. Na picha inakuja baada ya RAM. Ndiyo maana RAM mbovu inajionyesha kama skrini mbovu, na watu wanabadilisha skrini bure.

Anza na RAM

RAM isiyokaa vizuri ni sababu ya mara kwa mara sana ya "haileti displei", na kuikagua hakugharimu kitu. Zima mashine, chomoa waya ukutani. Kwa laptopu chomoa chaja na utenganishe betri na ubao. Kisha shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 15 hadi 30 ili chaji iliyobaki ndani iishe. Wakati mwingine hatua hii peke yake inairudisha laptopu iliyoganda. Gusa chuma cha kasha ili mwili wako utoe umeme tuli, fungua klipu, toa RAM.

Sasa ipeleke kwenye mwanga na uiinamishe taratibu. Ile safu ya meno ya dhahabu inatakiwa kung'aa sawasawa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukiona ukungu, alama za vidole au vidoa vya kahawia, umepata mtuhumiwa. RAM ya DDR4 (kizazi cha nne) ya kompyuta ya mezani ina meno 288, ya laptopu ina 260, na jino moja lisilogusa linatosha kuzuia kila kitu. Mwambao, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Dar es Salaam na Unguja, hewa ina unyevu na chumvi. Dhahabu haishiki kutu, lakini hapo ni tabaka jembamba mno, na metali iliyo chini yake hushambuliwa kupitia vitundu visivyoonekana kwa macho.

Safisha kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa kisichoacha nyuzi, ukifuta kuelekea ukingoni, si kwenda na kurudi. Raba ya kufutia penseli hutumika sana na kweli inafanya kazi, ila kila mara inakwangua dhahabu kidogo na kuacha unga. Ikiwa ndiyo uliyonayo, chukua ile nyeupe laini, pitisha kidogo, kisha futa unga wote. Ile ya rangi mbili usiiguse kwa upande wake wa bluu: umetengenezwa kwa kufuta wino na unakwaruza kama msasa. Sloti, yaani mahali RAM inapochomekwa, isafishwe kwa brashi laini au blowa. Usipulize kwa mdomo, kwani mate ndiyo chanzo kingine cha kutu.

Rudisha RAM moja tu. Kwenye kompyuta ya mezani yenye sloti nne, iweke sloti ya pili ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Linganisha pengo lake na kigingi cha sloti, bonyeza pande zote mbili mpaka klipu ilie "ta!". RAM inaweza kuonekana imeingia kumbe haijafika chini, kwa sababu mtu aliogopa kubonyeza. Washa. Isipokubali, jaribu sloti nyingine, kisha RAM nyingine. RAM moja ikikataa kila mahali, ni mbovu; RAM zote zikikataa sloti ileile, tatizo ni sloti, au pini iliyopinda kwenye soketi ya prosesa. Kwa mashine za DDR5, uwashaji wa kwanza baada ya kubadilisha RAM unaweza kuchukua dakika kadhaa za giza, kwa sababu mazabodi inaipima RAM mpya. Usikate umeme katikati.

Mashine inasema, ila kwa lugha yake

Kwa kuwa picha bado haijapatikana, POST hutoa taarifa kwa milio au taa. IBM PC ya mwaka 1981 nayo ilijikagua hivyo, na ikifika mahali pa kutoa picha ilionyesha namba: 201 kwa kumbukumbu, 301 kwa kibodi. Leo kila kampuni ina alama zake, na kuchukua orodha ya kampuni moja ukaitumia kwa nyingine ni njia ya uhakika ya kupotea. Kwenye BIOS za kampuni ya Award, mlio mmoja mrefu na miwili mifupi ni kadi ya picha. Kwenye Dell nyingi za ofisini, taa ikimeta njano mara 2 kisha nyeupe mara 3, mashine haijaiona RAM. HP hutumia nyekundu 3 na nyeupe 2 kwa tatizo la RAM. Kwenye laptopu zake hesabu hiyohiyo hutolewa na taa ya Caps Lock, mimeto mirefu mitatu na mifupi miwili. Mazabodi nyingi za ASUS na MSI zina taa nne zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT, na ile inayobaki inawaka ndiyo hatua iliyokwama. Ikibaki BOOT, rudi kwenye diski.

Mazabodi nyingi mpya haziji na spika. Spika ndogo ya kuchomeka kwenye pini zilizoandikwa SPEAKER haina gharama kubwa, na kila fundi anastahili kuwa nayo. Ina matumizi moja mazuri mno: mashine ikiwa kimya kabisa, toa RAM zote, kisha washa. Ikilia kulalamika kwamba haina RAM, umejua kwa mpigo mmoja kwamba prosesa inafanya kazi, BIOS inasomeka na pawa saplai inatoa umeme. Ikibaki kimya hata bila RAM, ondoa kila kitu kisicho cha lazima, yaani diski, kadi na vifaa vya USB, ubaki na prosesa, feni yake na pawa saplai. Hapo mtuhumiwa ni mmojawapo wa hao au mazabodi.

Kabla ya kufika huko, angalia makosa mawili ya kusahau. Kuna soketi ya pili ya umeme karibu na prosesa, ya pini 4 au 8. Isipochomekwa, feni zinazunguka na hakuna kingine. Na kama kuna kadi ya picha, kebo ya skrini ichomekwe kwenye kadi, si kwenye mazabodi. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni mwa jina, kama i5-12400F, hazina sehemu ya kutoa picha kabisa.

Betri ya shilingi inayovunja Windows

Kwenye mazabodi kuna betri bapa kama sarafu, CR2032: kipenyo milimita 20, unene milimita 3.2, volti 3. Kazi yake ni kutunza saa, na kwenye mashine nyingi pia mipangilio ya BIOS, wakati umeme haupo. Mpya hupima juu kidogo ya volti 3. Ikishuka chini ya 2.7, badilisha.

Ikifa, POST husimama na kuandika "CMOS checksum error" au kukuambia ubonyeze F1, na tarehe inarudi miaka nyuma. Watu huizoea F1 hiyo kwa miezi. Lakini madhara yanakwenda mbali. Tarehe ikiwa si sahihi, tovuti zenye ulinzi zinakataa kufunguka kwa sababu vyeti vyake vya usalama vina tarehe za kuanza na kuisha, na mwenye mashine anadhani intaneti imeharibika. Baya zaidi, mpangilio wa namna BIOS inavyowasiliana na diski, kama AHCI au RAID, unarudi ulivyotoka kiwandani. Kama Windows iliwekwa diski ikiwa kwenye AHCI na BIOS ikarudi yenyewe kwenye RAID, Windows inaanguka kwa skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Hapo faili za watu hufutwa kwa kupiga Windows upya, wakati dawa ilikuwa betri mpya na kurudisha AHCI ndani ya BIOS.

Umeme wenyewe

Pale umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo, pawa saplai huumia mapema. Pima kwa multimeta mashine ikiwa imewashwa: laini ya volti 12 iwe kati ya 11.4 na 12.6, ya 5 kati ya 4.75 na 5.25. Kompyuta nyingi za ofisini zilizotumika zina pawa saplai za soketi zao wenyewe, hivyo usizijaribu kwa kuunga waya wa kijani na mweusi kabla hujathibitisha ni za pini 24 za kawaida. Na usifungue kasha la pawa saplai hata ukiwa umechomoa waya. Ndani yake kapasita inaweza kubaki na zaidi ya volti 300.

POST ikipita, si cheti cha uzima

POST ni ukaguzi wa haraka. Mashine nyingi siku hizi huruka hatua kadhaa ili ziwake upesi, na RAM inapimwa juujuu tu. RAM yenye kasoro kwenye sehemu ndogo inapita POST bila shida, halafu Windows inaanguka kwa skrini za bluu zenye majina tofauti kila siku, au faili zinakataa kufunguka. Majina kubadilika hivyo ndiyo dalili, kwani programu yenye hitilafu kwa kawaida huanguka kwa namna ileile. Weka MemTest86+ kwenye flashi, washa mashine kupitia flashi hiyo, na uiache usiku kucha ipite mizunguko kadhaa. Mashine ikiwa na RAM mbili na kosa likatokea, pima kila moja peke yake kwenye sloti ileile. Kosa hata moja kwenye orodha linatosha kuitoa RAM hiyo.