"Mimi mzaliwa wa huku, malaria hainiwezi"

Desemba ikifika watu wanarudi toka Ulaya, Marekani, Oman kuja Tanzania kusalimia wazee, na utasikia ile ile kila mwaka: mi nimezaliwa Muheza, nimekulia kwenye mbu, malaria itanifanya nini? Jamani hii ndo dhana mbaya kuliko zote. Kinga ya mtu anayeishi kwenye malaria inapunguza tu makali, haifukuzi vimelea, na inakaa kwa sababu mwili unakutana navyo mara kwa mara, sasa ukishakaa London miaka kadhaa inashuka na unaweza kuumwa vibaya kama mgeni yeyote. Watoto mliowazalia huko ndo hawana kabisa, hata kama baba na mama wote ni wa Muheza. Muoneni daktari kabla ya safari mpewe dawa za kuzuia, na mzimalize. Doxycycline kwa mfano unaanza siku 1 au 2 kabla na unaendelea wiki 4 baada ya kuondoka, wajawazito na watoto wadogo wanapewa nyingine. Na shangazi akisema umejifanya mzungu kwa kulala kwenye neti, mwache aseme, lala kwenye neti.

Wengine wanasema "nikihisi homa nitanunua mseto nimeze". Mseto ni tiba ya malaria, na si kila homa ni malaria! Dar ilipigwa na dengue, homa nyingine inayoletwa na mbu, 2014 na tena 2019, dalili zinafanana mwanzoni, na ukiwa na dengue halafu ukameza aspirini au diclofenac kwa ajili ya maumivu unajiongezea hatari ya kutoka damu. Paracetamol ndo salama, ila usizidishe. Nenda kapime, wanakutoboa kidole na baada ya kama dakika 20 una majibu. Ukikutwa na malaria maliza dozi yote siku 3 hata kama siku ya pili unajisikia mzima, na mseto meza na chakula chenye mafuta kidogo ndo unaingia vizuri mwilini.

Alafu mbu wa dengue wanauma mchana, kwahiyo neti peke yake haitoshi, paka dawa ya mbu hata saa 4 asubuhi.

Kadi ya njano eti inaisha baada ya miaka 10? Hapana, tangu Julai 2016 chanjo ya homa ya manjano inahesabika ya maisha, msikubali kuchomwa tena bila sababu.

Na ile ya "nimesharudi, nimepona na safari". Malaria inaweza kuanza wiki au hata miezi baada ya kurudi, na huko baridini homa ya Januari kila mtu anadhani ni mafua, mtu anakunywa chai ya tangawizi siku nne hali inazidi kuwa mbaya. Usisubiri hata kesho, nenda hospitali na usingoje kuulizwa, mwambie daktari umetoka Tanzania na unataka kupimwa malaria leo leo.